Saa Moja na Dakika Ishirini

Habari za kifo cha Bwana Khalfan zilinifikia kwenye simu, katikati ya kazi, nikiwa nyuma ya meza ya mapokezi ya kliniki ya meno ninakofanya kazi siku hizi hapa Maskati. Aliyetuma ujumbe ni binti yake, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa shule. Ulikuwa mfupi: baba ametangulia mbele ya haki, wanawake wanapokewa nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa siku tatu. Niliusoma mara mbili, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni, kilikuwa swali: kwa nini ananiambia mimi, baada ya miaka kumi na minane? Ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimu leo kwa uchangamfu kuliko jana, najiuliza anataka nini. Wenzangu wa kanisani husema nimezaliwa hivyo, Wakesho na macho yake ya askari wa getini. Si kweli. Najua mwaka niliojifunza haya, namjua aliyenifundisha, na nyumba yake ndiyo hiyo niliyokuwa naitwa kwenda kutoa pole.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na huo ndio uliokuwa mwaka wangu wa kwanza Maskati. Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi za ndege katika ofisi ndogo ya usafiri kule Qurum: meza tatu, ukuta mmoja wa kioo, na kiyoyozi kilichonifanya nivae sweta hali nje lami ilikuwa inalainika kwa jua. Wateja waliegesha magari mlangoni, wengine wakiacha injini inanguruma, wakaingia, wakalipa, wakaondoka. Meneja wetu, Bwana Thomas, Mhindi wa Kerala, aliketi nyuma kabisa, mahali ambapo aliweza kuona kompyuta zetu zote bila kuinuka. Siku ya kwanza alinipa sheria moja tu. Safari ya mteja ni siri ya mteja. Usimwambie mkewe, usimwambie mama yake mzazi. Niliiona sheria nyepesi. Nani angekuja kuniuliza?

Alikuja asubuhi moja ya mwezi wa pili, mwanamke wa makamo, buibui la hariri, harufu ya udi ikimtangulia. Alinisemesha kwa Kiarabu, na Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha kuomba radhi tu. Nikageuka kuchukua karatasi, mashine ya kuchapa ikakwama, nikaigombeza kwa sauti ya chini: "Wewe nawe leo umeamkaje?" Nilipomgeukia tena alikuwa amepanua macho.

"Ala! Kumbe wajua Kiswahili?"

"Najua, mama. Mimi ni Mkenya. Mtaita."

"Basi afadhali. Maana hili nnalotaka kuuliza, sitaki kuliuliza kwa Kiarabu." Akavuta kiti karibu. "Kutoka Zurich mpaka Vienna, ndege inakwenda muda gani?"

"Saa moja na dakika ishirini. Unataka kusafiri lini?"

"Sisafiri. Na umbali wake?"

"Angani ni kama kilomita mia sita."

"Basi hata Salala, hapa hapa nchini, mbali zaidi," alisema, si kwangu, na uso wake ukafungika kama mtu aliyeletewa jibu la hospitali. Alinishukuru, akaondoka. Bwana Thomas akauliza kutoka nyuma yule mama amenunua nini. Nikamwambia hajanunua kitu.

Jina lake lilikuwa Bi Nasra. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Uwanja wa Zurich mtu hungoja muda gani kuunganisha ndege? Na mizigo? Na kutoka uwanja wa Vienna mpaka mjini? Nilimjibu kila swali, nikifurahi, niseme kweli, kwa sababu ofisini nilikuwa nachunga ulimi kutwa na huyu alikuwa ananisemesha kwa lugha yangu, ingawa yake ilikuwa na madoido ya Unguja ambayo yangu haikuwa nayo. Siku ya nne akanieleza. Mumewe, mhandisi wa serikali, mkaguzi wa ndege, huenda Vienna mara nne kwa mwaka kwa mikutano. Akifika Zurich humpigia, namba ikaonyesha ni ya huko, saa moja ya asubuhi. Akifika hoteli Vienna humpigia tena, namba ikaonyesha ni ya Vienna, saa moja ya jioni. "Saa kumi na mbili, mwanangu. Toa hiyo saa yako moja na dakika ishirini. Toa za kungoja, toa za mizigo, toa na za foleni. Zilizobaki anazitia wapi?" Nilijaribu kusema kwamba ndege huchelewa. Akanitazama kwa huruma. "Mara nne kwa mwaka? Miaka mitatu?"

Akaanza kunialika chakula cha mchana siku ya Ijumaa. Ijumaa huku ndiyo Jumapili yetu. Asubuhi nilikuwa kanisani Ruwi, adhuhuri dereva wake ananichukua, na saa nane niko jikoni kwake nikikaanga vitunguu. Lile jiko nalikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kuishi. Lilikuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kabati za rangi ya maziwa, na meza ya mbao nzito aliyosema imekuja na mama yake. Tulikula pale pale, mimi na yeye na binti yake, wali wa nazi na mchuzi wa papa, achari ya ndimu, mkate wa kumimina baadaye pamoja na kahawa. Wanaume walikula sebuleni. Bwana Khalfan alikuja jikoni mara moja tu kila Ijumaa, kunisalimu na kukagua jiko la gesi. Alishika kila kitufe, akakigusa mara mbili, akaondoka. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kanzu isiyo na mkunjo hata mmoja. Kabla ya kuendesha gari alilizunguka akitazama magurudumu. Leo nikimfikiria namwona mtu mwenye hofu. Wakati ule niliona mtu anayeficha jambo, na Bi Nasra aliona vivyo hivyo, tukawa tunatazamana juu ya sufuria.

Shaka haikai chumba kimoja. Alhamisi Bwana Khalfan alikuwa na desturi ya kwenda Yiti, kijiji cha pwani, kununua samaki kwa wavuvi wenyewe. Bi Nasra akaanza kuipimia saa na safari hiyo: kwenda nusu saa, kurudi nusu saa, kuchagua samaki robo. Akichelewa, samaki anapokewa kimya kimya na kunuswa kana kwamba ana ushahidi. Ijumaa moja, nikipita ukumbini kwenda kunawa mikono, nilisikia sauti ya Bwana Khalfan nyuma ya mlango wa chumba chake, akizungumza kwenye simu kwa Kiswahili. "Hapana, Nasra hajui, na sitaki ajue," alisema. "Weye niwekee tu kama siku zote. Nikishuka asubuhi nakuja moja kwa moja." Nilisimama pale na mikono inayonuka samaki. Ningeweza kunyamaza. Nilinawa, nikarudi jikoni, na kabla maji hayajakauka mikononi nilikuwa nimeshamwambia.

Hakulia. Alifunika sufuria, akasema, "Nitazamie tiketi yake."

Idara ya Bwana Khalfan ilikuwa ikikata tiketi kwetu. Nilijua hilo, naye alilijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana alikuja kwetu. Hata hilo nililitambua siku ile tu, na lilinichoma kidogo: kumbe sikuchaguliwa kwa Kiswahili changu. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali. Jumatatu, Bwana Thomas alipokwenda uwanja wa ndege kushughulikia kundi la wateja, niliandika jina la Bwana Khalfan kwenye kompyuta. Safari zote zilikuwa pale, na zote zilikuwa sawa. Maskati kwenda Zurich. Zurich kurudi Maskati. Hapakuwa na Vienna. Nilitazama mpaka macho yakaniuma, kisha nikampigia Bi Nasra kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa nje juani, na kumwambia: "Tiketi yake inaishia Zurich."

"Na Vienna anafika," alisema. "Namba nimeiona mwenyewe. Kwa gari ni saa ngapi?"

"Barabara ni zaidi ya kilomita mia saba. Saa nane hivi."

"Basi yupo anayemwendesha," akasema, akakata simu.

Wiki hizo nilikuwa na mchumba Voi, jina lake Mwadime, mwalimu. Tulizungumza kila Jumapili. Jumapili moja aliniambia alitoka Mombasa saa mbili asubuhi akafika Voi saa tisa mchana, basi liliharibika Mariakani. Zamani ningemwambia pole. Siku hiyo nilihesabu. Voi na Mombasa ni mwendo wa saa tatu. Nilimuuliza basi la kampuni gani, liliharibika kitu gani, abiria walikula wapi. Alicheka mwanzoni. Wiki iliyofuata nilimuuliza tena maswali yale yale nione kama majibu yatafanana. Yalifanana karibu yote, na hayo machache yaliyokosana ndiyo niliyoyashika. Kufikia mwezi wa tano tulikuwa tumeachana, kwa simu, mimi nimekaa kitandani katika chumba nilichochangia na msichana wa Kitale aliyejifanya amelala. Mpaka leo sijui kama basi lile liliharibika. Mwadime ana mke na watoto sasa. Kila nikipita Mariakani kwenda nyumbani likizo, hutazama kando ya barabara, na hujidharau.

Bi Nasra alimkabili mumewe mwishoni mwa mwezi wa tano. Alimwambia sentensi ile ile niliyompa: tiketi yako inaishia Zurich. Siku mbili Bwana Khalfan alikula kimya, akaswali, akaenda kazini. Siku ya tatu alikuja ofisini kwetu.

Nilipomwona akisukuma mlango wa kioo, nilijua kazi yangu imekwisha, na pamoja na kazi, viza yangu. Bwana Thomas aliinuka kumsalimu mteja wa serikali. Bwana Khalfan akampungia mkono kwamba hakuna taabu, akaja akaketi mbele yangu, palepale alipokuwa akiketi mkewe.

"Nnataka tiketi mbili, binti. Mimi na mke wangu. Maskati, Zurich, halafu ndege ya asubuhi mpaka Vienna. Mwezi huu wa sita, akishapata viza."

Niliandika kwa vidole visivyokuwa vyangu. Sikuthubutu kuinua uso. Nilipofika mahali pa viti, nikauliza kwa mazoea tu, kama nilivyomuuliza kila mtu: "Zurich mpaka Vienna, ungependa kiti cha dirishani au cha kwenye njia?"

Nikainua uso kungoja jibu. Funguo za gari alizoshika zilikuwa zinagonga mbao. Paji la uso lilikuwa na jasho katika ule ubaridi wa sweta.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Binti, mie ile ndege siwezi kuipanda."

Akanieleza, kwa maneno machache, akitazama kompyuta kana kwamba tunajadili bei. Miaka mitatu nyuma alikuwa katika ndege ndogo ya kupeleka wafanyakazi jangwani. Ilianguka ghafla angani, ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, sekunde chache tu, kisha rubani akaishika. Hakuumia mtu. Wengine walishuka wakicheka. "Mie bado sijashuka," alisema. Safari ya usiku ya Zurich aliipanda kwa kumeza kidonge na kulala, maana hapakuwa na njia nyingine. Lakini ile ya asubuhi, juu ya milima, akiwa macho, hapana. Idarani alikuwa ameomba safari ya mbele ya Zurich ajipangie mwenyewe. Alikuwa na rafiki wa skuli tangu Unguja aliyehamia Zurich. Huyo ndiye aliyemnunulia na kumwekea tiketi ya treni kila mara, kumbe ndiye wa ile simu. Treni ilichukua muda wa saa tisa. "Inapita chini. Naona ng'ombe, naona watu wameanika nguo."

"Kwa nini usimwambie Bi Nasra?" nilinong'ona.

"Mie ndiye nnayetia saini kwamba ndege ni salama. Nasra atamwambia dada yake, na mume wa dada yake yupo idara yangu. Kesho yake nimekuwa kichekesho, keshokutwa sina kazi." Alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Bora apande nami aone. Labda akiwepo nitaweza. Na weye usimwambie. Umeshasema lisilokuwa lako, sasa nyamazia lisilokuwa lako."

Alichukua tiketi zake na kuondoka. Alipopita mlangoni alimwambia Bwana Thomas kwamba nafanya kazi vizuri. Sijawahi kusifiwa kwa namna iliyoniuma zaidi. Bi Nasra alinipigia jioni hiyo: "Amekata tiketi mbili. Kwa nini? Anataka kunionyesha nini?" Nikamwambia sijui. Aliniuliza mara tatu, na mara tatu nikasema sijui.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, jikoni, akiwa anasafisha samaki na mgongo wake kwangu. Walishuka Zurich salama. Walitembea mpaka lango la ndege ya Vienna, watu wakaanza kuingia, na Bwana Khalfan akasimama. Alisema tangulia, mie nitakuja. Bi Nasra alimuuliza unakuja na nini, na nani? Mumewe alikuwa mweupe kama karatasi. Naye Bi Nasra akaona kila alichokuwa amekiamini kwa miezi mitano kimethibitika: mwanamke yuko hapa hapa Zurich, na mume wangu hawezi kumuacha hata mbele yangu. Akapanda peke yake. "Ilikuwa saa moja na dakika ishirini, kama ulivyosema," aliniambia. "Hukukosea hata moja."

Alifika hotelini saa sita mchana. Hakwenda chumbani. Aliketi ukumbini kwenye kiti kinachotazama mlango, na buibui lake na mkoba wake, na akangoja waje wawili. Alimtazama kila mwanamke aliyeingia: viatu, umri, pete. Mmoja aliyeshuka kwenye gari jekundu, Bi Nasra alimfuata mpaka kwenye lifti. Walimletea chai, ikapoa, walimletea nyingine. Saa mbili ya jioni, jua la huko bado halijazama, Bwana Khalfan aliingia kwa miguu, akivuta sanduku, peke yake. Akamwendea na kumpa kipande cha tiketi ya treni, akasema, "Mie naogopa, Nasra. Basi. Hakuna kingine."

"Nawe ulimwamini?" niliuliza.

Kisu kilisimama. "Nilifikiri: labda kamwambia huyo mwanamke asije. Usiku kucha nilifikiri hivyo. Nikaja kuamini njiani tunarudi, ndani ya treni, nilipomwona analala kama mtoto." Akageuka. "Halafu akanambia hata yule binti wa Qurum anajua. Kweli?"

"Kweli, Bi Nasra."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokata tiketi."

Alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ulinambia mengi ambayo hayakuwa yako kuyasema. Hili moja ambalo lingeniweka nyumbani kwangu kwa heshima, ukalificha. Saa nane, Wakesho, nimekaa nikiwachungulia wanawake wa watu." Nilitaka kusema kwamba nilikatazwa. Nilikumbuka kwamba na kule mwanzo nilikuwa nimekatazwa. Alimwita dereva anirudishe, na chakula kilikuwa hata hakijaiva. Hakunialika tena. Mwaka uliofuata niliacha kazi ya tiketi kwa hiari yangu, na Bwana Thomas hakujua kamwe.

Niliwahi kumwona Bi Nasra mara mbili tu tangu hapo, sokoni, kwa mbali. Nilisikia kwamba Bwana Khalfan alifanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima zake, na kwamba mkewe alianza kufuatana naye kila safari. Dada yake Bi Nasra aliwaambia watu anamlinda mume asiibiwe. Bi Nasra hakumkanusha. Kwa hiyo siri ile aliishika, yeye ambaye mumewe hakumwamini kuishika, na aliilipia kwa kuonekana mke mwenye wivu.

Nilikwenda siku ya tatu ya matanga, jioni. Ukumbi ulijaa wanawake, mikeka imetandikwa, misahafu mapajani, kahawa inazunguka. Bi Nasra alikuwa pembeni, amepungua, miwani mizito. Nilijitayarisha kwa lolote. Aliponishika mkono hakuuachia, akanivuta nikae.

"Mie ndiye niliyesema uitwe," alisema. "Nna neno moja limenikaa. Nilimuuliza Khalfan miaka yote, akanambia hakumbuki. Siku ile alipokuja kwako kukata tiketi. Mie mkewe nilimuuliza kwa mema, nikamuuliza kwa mabaya, nikamuuliza kwa kulia, asiseme. Wewe mtu baki akakwambia. Ulimuuliza nini?"

Na mimi, kwa aibu yangu, jambo la kwanza nililofikiri ni: anatafuta nini huyu? Je, miaka yote hii alinishuku na mimi? Nilimtazama machoni, na nikaona kwamba ndiyo, alinishuku. Nilikuwa mmoja wa wale wanawake aliowatazama viatu.

"Sikumuuliza kitu, Bi Nasra," nikamwambia. "Nilimuuliza kama anataka kiti cha dirishani."

Midomo yake ilitikisika, nikadhani analia, kisha nikaona ni kicheko, kisha vikaja vyote viwili, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Wanawake waliokuwa karibu wakaanza kumpa pole, mama we, subiri, Mungu ndiye mpaji na ndiye mwenye kuchukua. Alipotulia aliniona nimeshika mkoba, nimeinuka nusu.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Hawa wataondoka saa hizi. Wewe kaa ule."

Nikaweka mkoba chini. Nikakaa.